Udhaifu wa Hadithi ya Saba

Kitabu cha shemeji yangu kina hadithi tisa, na nimezisoma zote mara mbili, kwa hiyo asije mtu kuniambia nasema nisichokijua. Shule niliiacha darasa la sita nikaingia kwenye ufundi wa makochi, lakini kusoma najua, na kukasirika najua zaidi.

Shemeji mwenyewe ni mdogo wake mke wangu. Anauza dawa kwenye duka la dawa karibu na stendi, na mtaani wanamwita Sindano, kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Kwa miaka mingi alikuwa akiandika nyuma ya maboksi ya dawa yaliyochanwa, nasi tukimcheka. Halafu akapata mchapaji, kitabu kikatoka, jalada jeusi lenye mlango mwekundu katikati, kinaitwa Usifungue Bado. Akaniletea nakala karakana, akaitua juu ya sponji niliyokuwa nikiikata, akaniambia nisome kisha nimpe ukweli mtupu, ubora na udhaifu, maana wengine wote wanamsifu tu na sifa zimeanza kumchosha. Nilimtazama usoni. Hazikuwa zimemchosha hata kidogo.

Ubora kwanza, maana mimi sina roho mbaya. Kitabu kinashika. Kwenye hadithi ya kwanza mhasibu amekwama kwenye lifti peke yake, umeme umekatika, halafu anasikia mtu anapumua nyuma yake. Niliisoma nimesimama, mkasi mkononi, mteja akaingia na kuondoka sikumwona. Kuna ya nesi anayepigiwa simu kutoka chumba ambacho hakina mgonjwa. Kuna ya mtu aliyenunua gari lililotumika, na kila asubuhi akikigusa kiti cha nyuma anakuta kina joto, kama vile mtu amenyanyuka sasa hivi. Sindano hapotezi muda kukueleza mawingu. Sentensi zake fupi. Mtu wake akivuta droo, na wewe mkono unakuwasha. Hilo ni jambo la ufundi na mimi fundi namheshimu fundi.

Udhaifu nao upo. Wanawake wake wote kazi yao ni kupiga mayowe. Polisi wake wote ni wajinga, hata wale anaotaka tuwaone werevu. Neno "ghafla" amelimwaga kila ukurasa, mpaka ukifika katikati ya kitabu la ghafla limekuwa la kawaida, na kinachokushtua ni siku ambayo jambo limetokea polepole. Na kubwa kuliko yote, hadithi zake hazimaliziki. Mhasibu anageuka, basi. Nesi anainua simu, basi. Mara ya kwanza unasema huyu mjanja. Mara ya nne unaona ni uvivu. Mimi nikimpelekea mteja kochi la miguu mitatu nikamwambia wa nne aubuni mwenyewe, atanivunjia karakana, na atakuwa na haki.

Haya yote ningemwambia tukiwa tunacheka, yakaisha. Shida ni hadithi ya saba.

Hadithi ya saba inaitwa "Komeo." Kijana anatoka kwao asubuhi kwenda kuchongesha ufunguo. Amevaa shati la bluu lenye kifungo kimoja cheupe kisichofanana na vingine. Anamwambia mama yake asiimwage chai yake, anarudi sasa hivi. Harudi. Miaka inakwenda, mama anazeeka akimngoja. Ukurasa wa mwisho mvua inanyesha, mlango wa mbele unagongwa. Mama anainuka, anashika komeo. Basi, imeisha.

Kijana huyo ni kaka yangu. Sisemi anafanana naye. Ni yeye. Shati ni lake, kifungo kile alikishona mama kwa mkono wake, chai ilikaa mezani mpaka ikaota utando na hakuna aliyethubutu kuimwaga. Tulimtafuta hospitali zote na vituo vyote vya polisi. Mochwari niliingia mimi, kwa sababu baba miguu ilimkataa mlangoni. Hatukumpata mzima wala maiti. Baba akafa bila kujua. Sindano haya yote aliyasikia sebuleni kwa mama, siku alizokuwa akija na dada yake kula. Anatikisa kichwa, anasikitika, anauliza swali moja moja kwa sauti ya chini kama mtu mwenye huruma. Kumbe anachukua vipimo.

Hasira ilinipanda, lakini mke wangu alinibembeleza niimeze, kwamba ndugu yake amefanya kwa heshima, kwamba ni namna ya kumkumbuka marehemu. Nikamuuliza nani kamwambia ni marehemu. Tukaliacha hapo, na ningeendelea kuliacha kama si mama.

Mama anaishi peke yake kwenye nyumba waliyojenga na baba. Ukuta wa mbele umepasuka kutoka kwenye msingi hadi kwenye paa, ufa wa kuingiza kiganja. Mwashi niliyemwita autazame hakukubali hata kuegemeza ngazi yake. Alisema mvua zikikolea ukuta huo utaingia ndani, na utakapoangukia ni sebuleni. Nilimbembeleza mama muda mrefu ahamie kwangu. Alikuwa mgumu kama alivyo, mwisho akakubali. Nikampaka rangi chumba, nikamtengenezea kiti cha kuegemea, kitambaa nilichokuwa nimemwekea mteja nikakitumia kwake. Vyombo vyake alikuwa ameshavifunga kwenye mashuka.

Macho ya mama yameingia ukungu, kwa hiyo binti yangu mkubwa, anayefanya kazi saluni, huenda kumsomea siku zake za mapumziko. Akaona kitabu cha mjomba wake, akakibeba kwa furaha bila kukipitia kwanza. Alisoma kwa mpangilio, hadithi baada ya hadithi, bibi yake akicheka kwenye lifti na kumwonea huruma nesi. Wakafika ya saba. Binti aliniambia baadaye kwamba alipolisikia shati lenyewe likitoka kinywani mwake alitaka kuacha, bibi akamshika goti, akamwambia aendelee. Hakulia. Alipofika mwisho bibi akauliza, halafu? Binti akamjibu kwamba imeishia hapo. Bibi akasema haiwezi kuishia hapo, geuza ukurasa. Binti akageuza, ikawa hadithi ya nane, ya mtu mwingine kabisa.

Nilipokwenda na gari kuhamisha vitu nikakuta mashuka yamefunguliwa, vyombo vimerudi kabatini. Mama ameburuta kiti chake hadi kando ya mlango wa mbele, kisogo chake kimegusa ule ukuta. Akaniambia hahami. Nikamuuliza kwa nini.

"Shemeji yako anajua aliyegonga," akasema. "Kuna mahali amesikia, anaogopa kuniambia uso kwa uso."

Nikamweleza kwamba ni hadithi ya kutunga, mama, watu wanakaa wanatunga. Akaniuliza kama shati ni la kutunga. Akaniuliza kama chai ni ya kutunga. Kwamba mtu hawezi kukijua kifungo halafu asimjue aliye mlangoni. Kwa kweli lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyojiuliza mimi juu ya kitabu kile. Na alikuwa na ushahidi mwingine. Alikuwa amempigia Sindano simu, akamuuliza waziwazi, aliyegonga ni nani. Sindano alicheka. Akamwambia hiyo ni siri ya mwandishi, mama, subiri kitabu cha pili.

Mwanamke aliyesubiri nusu ya maisha yake unamwambia asubiri kitabu cha pili. Na yeye akatii, akakaa pale chini ya ukuta, anasubiri.

Nilikwenda moja kwa moja duka la dawa. Sindano alikuwa akimwelekeza mteja jinsi ya kunywa dawa ya kikohozi. Nilingoja mteja atoke, nikamweleza. Unajua alichofanya? Alitabasamu. Alijitahidi kulificha lile tabasamu lakini uso wake mdogo, hauna pa kuficha kitu.

"Unaona, shemeji," akasema. "Hiyo ndiyo nguvu ya taharuki."

"Taharuki ni ukuta kumwangukia mama yangu?"

Hapo tabasamu likamtoka. Akasema alikuwa anatania, hakujua kama mama amelichukulia hivyo. Nikamwambia avue koti jeupe, twende sasa hivi akamwambie kwamba hajui kitu, kwamba hakuna aliyegonga. Akaanza kuzunguka. Leo hana wa kumwachia duka. Wiki hii yote anaandaa uzinduzi wa kitabu. Na zaidi ya hapo, akasema huku akizipanga chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangika, mwandishi akianza kueleza mwisho anaiua hadithi, maana msomaji ana haki ya kujaza mwenyewe palipoachwa wazi.

"Mama yangu si msomaji," nikamwambia. "Ni mama yangu."

Akaniahidi atakwenda baada ya uzinduzi. Nilimwangalia shingo yake ile nyembamba, nikaondoka kabla mikono haijafikiri yenyewe.

Wiki ile mvua zikaanza. Kila asubuhi nilipita kwa mama kabla ya kwenda karakana. Plasta ilikuwa ikimeguka vipande, yeye anavifagia anavisukumia kwenye kona, anarudi kukaa palepale. Nilijaribu kumhamisha kiti akiwa bafuni. Alipotoka alikirudisha mwenyewe, akihema, na kuniambia nikikigusa tena nisirudi. Nilifikiria kumbeba mzimamzima. Lakini mama yako humbebi kama meza, akipiga kelele utafanyaje, na ukimfikisha kwako utamfungia?

Uzinduzi ulifanyika ukumbi wa maktaba, mchana, viti vya plastiki na soda. Sindano amevaa suti iliyomzidi mabegani. Alikuwa ameniweka kwenye ratiba kwa niaba ya familia, niseme ubora wa kitabu na udhaifu wake. Nadhani alitegemea nitasema ubora ni mwingi na udhaifu ni kwamba hadithi ni tisa tu, watu wacheke, nikae. Waliotangulia walisema hivyohivyo.

Nikapanda. Nikaanza na ubora na sikumpunja, nikataja lifti, nikataja kiti chenye joto, watu wakaitikia kwa vichwa. Nikaja kwenye udhaifu. Nikataja mayowe ya wanawake, nikataja polisi, nikataja ghafla, ukumbi ukacheka na yeye akacheka nao. Kisha nikafika kwenye hadithi ya saba, na sauti yangu nikaisikia imebadilika.

"Udhaifu wa mwisho," nikasema, "ni kwamba huyu bwana amemsimamisha mama yangu mlangoni akamwacha hapo. Amechukua mtoto wake, shati lake na chai yake, akaondoka navyo, akaja kuviuza hapa kwa jalada jeusi. Mama amekaa chini ya ukuta unaobomoka kwa sababu amemwambia kuna siri. Kama kuna siri, aiseme. Kama hakuna, akamwambie yeye mwenyewe kwamba amemdanganya."

Mmoja akapiga makofi, wakafuata wote, wakasimama. Walidhani tumepanga. Bwana mmoja mwenye miwani akanishika mkono nilipokuwa nikishuka, akanipongeza kwa kuigiza vizuri, kwamba nusura atokwe na machozi. Sijawahi kutamani kumpiga mtu nisiyemjua kama siku ile.

Nje, mke wangu alinipita kama nguzo. Sindano akaja nyuma yangu, chupa ya soda bado mkononi.

"Umenidhalilisha, shemeji."

"Bado," nikamwambia. "Panda gari."

Akapanda, sijui kwa aibu au kwa woga. Njia nzima hatukusemeshana.

Tulimkuta mama pale pale mlangoni, ikabidi tumzunguke kuingia. Beseni lilikuwa linakinga matone pembeni yake. Sindano akaamkia, akaitikiwa. Akautazama ufa, kisha akaenda kukaa kiti cha mbali kabisa, upande wa jikoni. Mama haoni vizuri lakini hilo aliliona.

"Sogea huku, mwanangu," akamwambia. "Huo ukuta haujakuuliza kitu. Atakayekuuliza ni mimi."

Akasogea. Mama hakumzungusha.

"Nani aliyegonga?"

"Sijui, mama."

"Umeandika wewe."

"Nimeandika mimi, lakini sijui. Sikusikia habari popote, wallahi. Niliishia pale kwa sababu pale ndipo panapomshika msomaji."

Mimi nilitegemea mama atalia, na nilikuwa nimeshajiandaa kumlaumu Sindano kwa machozi hayo. Hakulia. Alikasirika. Nilikuwa nimesahau mama akikasirika anakuwaje, sauti haipandi, inakuwa tambarare kama bati.

"Mimi nimeshikwa miaka yote hii bila kitabu," akasema. "Sasa malizia. Umeianza, imalizie hapa hapa."

Sindano akanigeukia. Sikumsaidia. Akajifuta uso, akasema labda ni jirani, amekuja kuomba kitu. Mama akamwambia jirani anapiga hodi, anaita jina lako toka barabarani, hagongi kimyakimya. Sindano akasema basi ni polisi, wameleta habari. Mama akamuuliza ni lini polisi waliwahi kuleta habari nyumba hii, habari zilikuwa zikienda kwao tu, na huko ndiko zilikofia.

Mvua ikaongezeka juu ya bati. Kipande cha plasta kikadondoka nyuma ya kiti cha mama, naye hakugeuka. Sindano alikikodolea macho kile kipande, kisha akasema kwa sauti ya chini, ile ile ya siku zile alipokuwa anakuja kula:

"Basi ni yeye, mama. Amerudi."

Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimeshaishika kola ya suti yake. Mama akainua mkono, nikaiachia.

"Mwanangu hajawahi kupita mlango huu," mama akasema. "Tangu ajue kutembea anapita jikoni. Anafunua sufuria kabla hajasalimia mtu. Hata wageni wakiwepo. Baba yake alimchapa kwa hilo na hakuacha. Asubuhi ile alitokea jikoni, na kama angerudi angeingilia jikoni, wala asingegonga, mlango wa kwao anagonga nini?"

Sindano akageuka kutazama jikoni.

"Kwa hiyo huyo aliyegonga si mwanangu," mama akasema. "Ni mtu wako. Mfungulie mwenyewe."

Akaomba msamaha, tena akapiga goti kabisa kwenye maji yaliyoruka kutoka kwenye beseni. Mama hakumwambia amemsamehe wala hajamsamehe. Alimwambia tu kwamba siku zote hizi amemkalisha ameelekea mlango usio wa mwanawe, na kwamba kwa mtu wa umri wake siku hizo si chache.

Mimi nikaingiwa na hofu nyingine. Mama alikuwa amegeuza uso kuelekea jikoni, na akakaa hivyo muda mrefu. Nikajua kinachofuata ni kukihamishia kiti kule, tuanze upya. Ukuta ukianguka paa lote linakuja, halitachagua jikoni wala sebule.

"Gari ni lile lile la siku ile?" akaniuliza.

Nikamwambia ni lile lile.

"Jirani wa nyuma nilishamwelekeza kwako, siku nilipofunga vyombo. Nilimwambia akimwona kaka yako anapita uani amlete. Atapita uani." Akajishika kwenye mkono wa kiti akainuka. "Mashuka yako kabatini. Vikombe msivichanganye na masufuria."

Tulihamisha siku ile ile, kwenye manyunyu. Mama alikaa kiti cha mbele cha gari, mkoba mapajani, akitoa amri dirishani. Mimi na Sindano tulibeba kitanda, tukabeba meza, tukabeba mafurushi ya vyombo, suti yake imelowa mpaka imeonekana kumtosha. Nilianza kumwonea huruma kidogo, nakiri, kwa sababu alibeba bila kulalamika na viganja vyake si vya kazi hiyo. Tulibakiza kabati la nguo la baba, la mbao ngumu, ambalo kwa upana wake lilikuwa halipiti mlango wa mbele. Tukalipitisha jikoni. Pale kizingitini Sindano akatua upande wake wa kabati, akautazama ule mlango juu hadi chini, akapitisha kidole kwenye bawaba.

"Shemeji," akasema, "hili la mlango wa jikoni. Kitabu kikichapwa tena, unaonaje kama nikiliingiza? Maana linabadilisha kila kitu. Ukilitazama vizuri ndilo lililokuwa linakosekana."

Mbaya zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Ndilo lililokuwa linakosekana. Huruma yote ikaniishia palepale, na kabati lile zito likawa jepesi mkononi mwangu kwa hasira.

Nikamwambia ashike upande wenye droo, ndio mzito, atembee kinyumenyume, na nisisikie sauti yake mpaka tufike kwangu.